Gari Lisilo na Akiba ya Mshono

Mtu wa kwanza kuja kulitazama gari alikuwa mrefu, na Uzi alipomwona akiinama kupita kwenye kigeti cha karakana, moyo wake ukatulia. Akamkaribisha kwa heshima zote, akafunua turubai, akamwacha alizunguke gari apendavyo. Mgeni alikuwa mwalimu wa kuogelea, mabega mapana, miguu isiyokwisha. Akapapasa boneti, akapiga mluzi, akasema hajawahi kuona kitu kama kile.

"Na hutakiona tena," Uzi akamwambia.

"Naweza kukaa?"

"Kaa bwana, kaa. Gari ni la kukaliwa."

Mwalimu wa kuogelea akaingiza mguu mmoja, wa pili ukabaki nje. Akautoa, akaanza na ule wa pili, na sasa wa kwanza ndio uliobaki nje. Mwishowe akaingia kwa kujikunja. Magoti yakaukumbatia usukani huku na huku, kidevu kikakaribia magoti, na macho yakawa yanatazama mbele kupitia juu ya kioo, kama mtu anayechungulia ukuta wa jirani.

"Kiti kinasogezwa vipi, fundi?"

"Hakisogezwi."

"Hata kidogo?"

"Kimekazwa sakafuni. Nilikikaza mwenyewe." Uzi alilisema hilo kwa sauti ya pole, ila usoni alikuwa na raha ya mtu aliyeshinda kesi. "Labda una ndugu mfupi?"

Mwalimu hakuwa na ndugu mfupi. Akatolewa garini kwa kuvutwa mikono, akaaga, akaondoka akijinyoosha mgongo. Uzi akarudisha turubai polepole, akalipigapiga kwa mkono kama anayefunika mtoto. Mkewe alikuwa dirishani jikoni, mkono mmoja kwenye fimbo yake. Aliyaona yote.

Mtaani hakuna anayemwita mzee huyu kwa jina alilopewa na baba yake. Ni Uzi tu. Wageni hudhani ni kwa sababu ya wembamba wake, lakini wenyeji wa siku nyingi wanajua kwamba kabla ya nyundo na gesi ya kuchomelea, mikono ile ilishika mkasi. Alikuwa mshonaji, na si mshonaji wa kushona mifuko na mashuka. Alishona suti. Suti ya Uzi ulikuwa huivai, inakuvaa. Mtu mwenye bega moja chini alitoka kwake akiwa na mabega mawili sawasawa, na kitambi kilichoingia mlangoni hakikuonekana kikitoka.

Siri ya kazi yake ilikuwa pia ugonjwa wake. Mshonaji yeyote huacha akiba ndani ya mshono, ule ukingo wa kitambaa usioonekana, ili siku mwenye nguo akinenepa, mshono ufumuliwe na nguo ipanuke. Uzi hakuacha. Alibakiza upana wa kushikia uzi tu, basi. Alisema akiba ni wasiwasi wa fundi asiyeyaamini macho yake mwenyewe. "Nimekupima," aliwaambia wateja. "Nimekupima wewe, sijampima huyo utakayekuwa mwakani."

Na mwakani walirudi. Walirudi na vifungo mkononi, na suruali zilizoachia kwenye kiuno. Mmoja alikuwa kiongozi wa kwaya. Alipopandisha mikono kuanzisha wimbo mbele ya watu, koti likapasuka mgongoni kutoka kwenye kola mpaka chini, na kwaya ikaanza kwa kicheko badala ya sauti ya kwanza. Alikuja dukani amelikunja kwapani.

"Uzi, umeniaibisha."

"Mimi? Mbona koti halijaongezeka hata kidole? Aliyeongezeka ni nani?"

Maneno ya namna hiyo hayajengi duka. Wateja wakapungua, na Uzi, aliyekuwa na kiburi lakini si mjinga, akavuka barabara kwenda kwenye karakana ya kunyoosha magari, ambako walikuwa wanatafuta mtu wa kushona viti. Alishona viti kwa msimu mmoja. Halafu akaokota nyundo, akaanza kuuliza maswali. Aliona jinsi bati linavyopokea umbo na kulitunza. Jioni moja akarudi nyumbani, akamwambia mkewe kwa furaha ya mtu aliyepata dini: "Bati halinenepi!"

Mkewe alikuwa mkunga. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa kutazama miili ya watu ikipanuka, ikifunguka na kurudi, isirudi pale pale. Alimtazama mumewe akila, akacheka kimoyomoyo.

Kwa hiyo Uzi akawa fundi bodi, lakini fundi bodi wa kishonaji. Mpaka leo anachora kwa chaki ya nguo, anakata kwanza ruwaza ya karatasi ndipo anagusa bati, na futi ya kitambaa inaning'inia shingoni mwake hata akienda msibani. Akanyoosha milango, matao ya matairi, mapua ya malori. Kazi ilimpenda. Baada ya muda akafungua karakana yake nyuma ya nyumba, uwanja wenye paa la mabati upande mmoja na kamba za nguo upande wa pili.

Ndipo lilipokuja lile gari. Lilivutwa kwa kamba na daktari wa meno aliyekuwa anastaafu: gari la michezo la Kiingereza, viti viwili, dogo kiasi cha kufikiri limefuliwa kwa maji ya moto. Kiwanda kilichoyaunda magari ya aina hiyo kilikuwa kidogo nacho, kilitoa machache, kikafunga milango. Mti ulikuwa umeliangukia puani. Panya walizaa kwenye dashibodi. Daktari hakuwa na nguvu ya kulishughulikia tena. Alikuwa anahamia kwa binti yake, nchi za mbali.

"Lichukue," alimwambia Uzi. "Lifanye unavyotaka, mradi lisife kwa kutu."

Uzi akalifanya alivyotaka. Pua iliyopondeka akaikata yote, akatengeneza nyingine kwa alumini, akiigonga juu ya mfuko wa mchanga mpaka ikawa na mgongo mrefu wa mnyama anayenyemelea. Injini ya zamani ilikuwa imeganda. Akaweka ya pikapu ndogo ya Kijapani, yenye pumzi na isiyo na madeko. Tangi la mafuta akalihamishia nyuma ya viti ili uzito ukae katikati. Hema la juu, la kufunika mvua inaponyesha, akalishona mwenyewe kwa ile cherehani yake ya zamani. Na mambo yote hayo yalipokuwa tayari, akamwita mkewe uwanjani, akamwambia asimame wima.

"Unanishonea nini?"

"Simama tu."

Akampima nyonga hadi kisigino. Bega hadi ncha za vidole. Akamkalisha kwenye ndoo iliyofunikwa ubao, akapima kutoka kitako mpaka macho. Kiti akakikaza pale vipimo viliposema, bila reli, bila tundu la ziada. Pedali, gia na usukani vikafuata mwili ule ule. Hata kioo cha mbele akakikata chini, ukingo wake wa juu ukiwa upana wa kiganja tu juu ya macho yake. Kiti cha pili akajipimia mwenyewe. Siku mkewe alipoingia mara ya kwanza, hakunyoosha mkono kutafuta kitu chochote. Kila kitu kilikuwa kimeshamfikia. Akasema, "Sijisikii nimeingia mahali."

Hakuna sifa ambayo Uzi amewahi kupewa iliyomwingia kama hiyo.

Mkunga aliliendesha gari lile kwenda hospitali mvua na jua, kwa miaka ambayo watoto wao walikua na kuondoka. Wodini walimzoea kwa mngurumo. Mama mwenye uchungu, jasho likimtoka, alisikia ile sauti ikikunja getini, akamshika muuguzi wa zamu mkono na kusema, "Amekuja." Na wengi wakatulia hapo hapo, kabla hajavaa hata glovu. Hata alipostaafu hakuacha. Aliwafuata wazazi wapya majumbani, akiwaosha watoto, akiwagombeza kina baba, akiwafundisha wasichana kunyonyesha bila kulia. Gari lilipakiwa nepi na mizani ya kupimia vichanga mahali ambapo Waingereza wenyewe wangeweka kikapu cha mandari.

Kisha nyonga ikaanza. Kwanza ilikuwa ni kuinuka kwa kunung'unika. Halafu kuinuka kwa kushika mlango. Mwisho, siku moja nyumbani kwa mzazi fulani, alishindwa kabisa kutoka. Gari lilikuwa chini, naye alikuwa ndani yake kama tonge shingoni. Baba wa kichanga na shemeji yake walimvuta, mmoja kwapa hili, mmoja lile.

"Taratibu," aliwaelekeza, akicheka na machozi yanamtoka. "Mnamvuta mtoto aliyetanguliza matako. Mgeuzeni kwanza!"

Aliporudi nyumbani hakuwa anacheka. Daktari wa mifupa alimkataza kukaa chini namna ile. Naye Mkunga hakuwa mtu wa kulilia kitu kilichokwisha. Matroni wake wa zamani alikuwa na gari la juu, mlango mpana, kiti ambacho mtu anakikalia kama kiti cha mezani. Sasa matroni alikuwa anakwenda kuishi na mwanawe, na alimwahidi kulishikilia mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo kulikuwa na mnunuzi mwingine. Hesabu ilikuwa nyepesi: lile la chini liuzwe, la juu linunuliwe, Mkunga aendelee kwenda kwa wazazi wake. Lisipouzwa, atabaki kibarazani akisubiri mtu mwenye nafasi ampakie.

Tangazo aliliandika binti yao, kwenye simu, mama akimwelekeza. *Gari la Kiingereza la michezo, viti viwili, adimu, limefanyiwa mabadiliko na fundi hodari. Sababu ya kuuza: nyonga.*

"Mama, huwezi kuandika nyonga."

"Kwani uongo?"

"Watu watadhani ni sehemu ya gari."

"Waje wadhanie hapa hapa."

Na kweli, mtu mmoja alipiga simu kuuliza kama nyonga mpya inapatikana madukani.

Baada ya mwalimu wa kuogelea alikuja mkusanyaji wa magari ya kale, mtu mwenye viatu safi na adabu nyingi. Alilala chini ya gari bila kujali shati lake. Akainuka, akashika kifua, akamwambia Uzi kwamba pua ile ni kazi ya mikono ya ajabu, na kwamba akilinunua ataing'oa aweke ya kiwandani.

"Utaing'oa."

"Nitakurudishia, mzee wangu. Uitundike ukutani. Mimi nahifadhi yalivyotoka kiwandani, ndiyo kazi yangu."

"Naielewa," Uzi akasema, na aliielewa kweli. Wakapeana mikono kama watu wa dini mbili, na mkusanyaji akaondoka.

Wa tatu alikuwa muuza miwani, mfupi.

Uzi alimwona kutoka mbali. Mtu yule alifungua mlango, akakaa, akafunga. Miguu ikafika. Mikono ikafika. Macho yakakaa chini ya ukingo wa kioo, sawasawa, na uso wake wote ukafunguka. "Fundi," alisema, "hili gari lilikuwa linanisubiri."

Hapo Uzi akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya katika kazi yake yote, si kwenye nguo wala kwenye bati. Aliegemea mlango, akashusha sauti, akaanza kulisema vibaya gari lake. Akasema linakunywa oili kama ng'ombe. Akasema asubuhi haliwaki bila kuombewa. Breki, akasema, ni za kubahatisha, zina siku zake. Muuza miwani akatoka mguu mmoja baada ya mwingine, akashukuru kwa ukweli wake, akaenda.

Fimbo ilisikika ikigonga saruji kabla mwenyewe hajatokea.

"Breki zina siku zake?"

Uzi akajishughulisha na turubai.

"Nakuuliza wewe, baba watoto. Miaka yote hiyo nimeendesha gari lenye breki za kubahatisha, na wewe umelala usingizi?"

"Hakuwa mtu wa kulitunza. Umemwona alivyofunga mlango?"

"Nimemwona. Ameufunga vizuri kuliko wewe." Akasogea karibu. "Warefu unawacheka, wafupi unawadanganya. Mimi nilidhani tunauza gari. Kumbe tunafanya maonyesho."

"Mama, lile gari ni wewe." Kisha akalisema lote. "Nikimpa mtu mwingine kile kiti, nakuwa nimempa nini?"

Mkunga alijishusha juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa shida, mguu mmoja umenyooshwa mbele.

"Sikiliza. Yule uliyempima hayumo tena ndani yangu. Ulimpima vizuri, Mungu akubariki, hakuna aliyewahi kunitazama vile. Lakini amekwenda. Niliyebaki ni huyu, na huyu anataka kutoka nyumbani asubuhi kwa miguu ya gari lake mwenyewe. Unachagua yule au unanichagua mimi?"

Uzi alisimama na ncha ya turubai mkononi. Upepo ulizitikisa nguo kwenye kamba. Alimpigia muuza miwani siku hiyo hiyo, akakiri kwamba alitia chumvi. Yule akasema hapana, mzee, fundi anayelisema gari lake hivyo lazima ana sababu. Akakata simu kwa upole uliouma kuliko tusi.

Mwezi ulikuwa unakatika alipotokea mpima ardhi.

Alikuwa mwanamke wa makamo, na alipoteremka kwenye pikipiki na kuvua kofia, Uzi alihesabu urefu wake kwa jicho na akafa moyo. Alikuwa mrefu kumzidi hata yule mwalimu. Safari hii Uzi alitaka kuuza. Alitaka kwa moyo wote, na gari ndilo lililokataa.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekuja na pikipiki? Mvua ikikukuta je?" Mkunga akamuuliza.

"Inanikuta kila siku, mama. Ndiyo maana nimekuja." Alishalizunguka gari, akasimama mbele ya pua ya alumini, mikono kiunoni. "Haya. Nani ana akili hii?"

"Huyo hapo," Mkunga akasema. "Akili anayo, shida ni kuitumia."

Mpima ardhi akacheka kicheko cha wazi, cha mtu aliyezoea kuongea kuvuka mashamba. Akaomba ufunguo, akaliwasha, akasikiliza. Akapapasa mishono ya hema kwa vidole. Hakuuliza injini ni ya nini, alisema, "Ya pikapu hii, siyo? Nimetembea nayo milimani, haikutupi." Kisha akaingia. Paji la uso likabaki hewani, juu ya kioo, na magoti yakapanda.

Akapapasa chini ya kiti akitafuta kishikio.

"Kiti hakirudi nyuma?"

"Nyuma kuna tangi," Uzi akasema.

"Hakishuki?"

"Chini kuna sakafu."

"Nani anaunda gari lisilosogea kiti, jamani?"

"Mshonaji," Mkunga akajibu. "Asiyeacha akiba."

Mpima ardhi alimgeukia Uzi akiwa bado amejikunja humo ndani. "Mzee, ulikuwa mshonaji? Basi nishushie pindo."

Alilisema kwa mzaha tu, lakini Uzi aliangalia sakafu ya gari kwa namna ambayo hajawahi kuiangalia. Chini yake, kati ya vyuma viwili vya chasisi, kulikuwa na nafasi ya hewa ambayo haikuwa na kazi yoyote. Sakafu ikikatwa na kushushwa mle katikati, kiti kitashuka nayo. Pedali zinaweza kusogezwa mbele, kwani ile injini ya pikapu ilikuwa fupi kuliko iliyotoka. Kioo kitapandishwa. Akiba ilikuwepo. Hakuiacha yeye, ila ilikuwepo.

"Itabidi nikate," akasema.

"Kata."

"Nikishakata, halitakuwa lile."

"Mzee wangu," mpima ardhi akasema, "mimi sijaja kwa lile. Nimekuja kwa litakalonibeba. Sina mtoto wa kuketisha nyuma, sina mume wa kunisimanga, nina barabara ndefu kila wiki na mgongo uliochoka kunyeshewa. Ukiweza, nalichukua. Ukishindwa, niambie sasa hivi nisipoteze mafuta."

Uzi akamtazama mkewe. Mkewe akamtazama yeye, kisha akaitazama ile futi shingoni.

"Mpime," akasema.

Akampima. Nyonga hadi kisigino, bega hadi vidole, kitako hadi macho, na mpima ardhi akasimama wima kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba kipimo kibaya huharibu kila kinachofuata. Mara moja tu aliingilia. "Umepima nikiwa nimevaa viatu vya kazi," akasema. "Siku nyingine navaa vyembamba." Uzi alitaka kujibu kwa mazoea yake, kwamba amempima aliyesimama hapa. Badala yake akaliandika hilo pembeni ya vipimo.

Kesho yake alianza kukata. Mkunga aliletewa kiti chenye mgongo, akakaa kivulini, fimbo magotini. Uzi alichora mstari wa chaki kwenye sakafu ya gari, akaishika mashine ya kukatia, akabaki ameinama hapo bila kuiwasha. Alikaa vile mpaka ikawa aibu.

"Usisukume bado," Mkunga akasema kwa sauti yake ya wodini. "Vuta pumzi."

Akavuta.

"Haya. Sasa sukuma."

Cheche zikaruka hadi kwenye kamba za nguo, na kipande cha sakafu kikaanguka kwenye saruji kwa kishindo. Baada ya hapo kazi ilikwenda kama inavyokwenda ikishapata njia. Alikunja bati jipya, akalishusha, akalichomelea. Akasogeza pedali. Kioo cha juu zaidi kilikatwa na fundi vioo wa mtaa wa pili. Na ilipofika zamu ya kukaza kiti, akashika bolti mkononi, akaziweka mezani tena. Akaenda kwenye lundo lake la mabaki, akachagua reli mbili za kiti cha gari la kawaida, akazisafisha kutu mpaka zikang'aa, akazifunga chini ya kiti cha dereva.

Mkunga aliona. "Hizo nini?"

"Za kusogeza," akasema, bila kumtazama. "Mara nyingine anavaa viatu vyembamba."

Mpima ardhi alilichukua Jumamosi. Alikaa, akanyoosha miguu, akapandisha kidevu, akakuta kioo kiko mbele ya macho yake. Akavuta kile kiti nyuma kidogo, mbele kidogo, kama mtu anayetafuta usingizi kitandani, kisha akapata. Malipo yakafanyika kwa simu, yakapokelewa na kuvushwa kwa matroni kabla gari halijafika barabara kuu. Uzi alisimama getini mpaka pua ya alumini ikakata kona. Hakulia. Alisema tu kwamba gia ya pili anaichelewesha, atazoea.

Alasiri walikwenda kwa matroni kwa miguu, polepole. Gari la juu lilikuwa la rangi ya kijivu, halina lolote la kusimulia. Mkunga alifungua mlango, akageuka, akakaa kwanza, akaingiza miguu baadaye, peke yake. Hakuna aliyemshika kwapa. Akarekebisha kioo cha pembeni. Akauvuta mkanda. Uzi akazunguka upande wa pili, akapanda, akajikuta anaona juu ya kuta za watu, na nguo zao zilizoanikwa, na vyungu vyao vya maua.

Mkunga aliendesha kama kawaida yake, kwa kasi kidogo kuliko ilivyotakiwa. Walipofika kwenye kona ya kwao, akaipita.

"Umepitiliza nyumba."

"Nina mzazi mmoja hapo mbele. Kajifungua juzi, mtoto hataki titi."

"Utakawia?"

"Kamuulize mtoto."

Akaegesha kando ya geti la buluu, akateremka, akachukua mkoba wake kiti cha nyuma, akaingia ndani ya nyumba ya watu akibisha hodi kwa sauti kubwa. Uzi alibaki garini. Alishusha kioo, akalegeza viatu, akakaa kusubiri.